Mcheza pari anahitaji msindikizaji, si matusi

Tangu benki za Bukavu zifunge milango mwezi wa pili 2025, pesa ni ngumu. Hata hivyo, siku za mechi, vijana kwa baba za familia bado wanaonekana na tiketi za pari mkononi. Kwa familia iliyokimbia vita, hatari ni kubwa zaidi: pesa ya msaada ikiishia kwenye tiketi, hakuna shamba la kurudilia.

Watu huwaita wajinga. Mimi sikubali. Shirika la Afya Duniani linahesabu kamari isiyoachika kuwa ugonjwa. Mtu anacheza tena ili arudishe alichopoteza, na deni linakua.

Mwaka 1957, kule Los Angeles, wacheza kamari walianza kukutana na kusaidiana kuacha. Sisi tayari tunakutana kila juma katika AVEC na likelemba. Humo humo tuchague wasindikizaji: watu wa siri, wenye subira, hasa walioacha pari wenyewe.

Saa ya mechi, msindikizaji ampigie simu au watembee pamoja. Pesa ya nyumba ishikwe na mwingine. Deni lipelekwe moja kwa moja kwa mwenye kudai. Akianguka, waanze tena kesho, bila kumwaibisha mbele ya watoto. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe haraka kwa waganga. Hapa mjini kituo cha SOSAME kinatunza wagonjwa wa akili.

Wakubwa wa avenyu, wachungaji na maimamu, mutusaidie kuanza.