Kilo 48 na 7 Si 487

Wanangu wa kompyuta, ubishi wa Python na Java tuuache kidogo, twende Iyula, Mbozi, kwenye mizani ya kahawa. Karani anachapa: asubuhi 48, jioni 7. Python ikipokea kwa input(), inapata maandishi, si namba. Ukijumlisha hivyo hivyo unaletewa 487. Haigomi wala haikohoi! Ila karani akichapa 12,5 kwa mkato, float() inagoma na foleni inasimama.

Utasikia, "Mimi nimeweka alama za aina." Sawa, lakini alama hizo, zilizorasimishwa na Python 3.5 mwaka 2015, lugha yenyewe haizikagui programu inapokimbia. Ni kibao cha mbwa mkali kwenye nyumba isiyo na mbwa.

Mimi nasema kagua mlangoni, tena kwa ukali. Geuza iwe namba, kataa hasi, kataa gunia la kilo 4800, kataa hata neno "nan", ambalo float() hulipokea bila aibu. Kisha mwambie karani kwa Kiswahili arekebishe nini. Huko ndani msisumbuane.

Namba ya simu ya mkulima, hiyo iacheni iwe maandishi. Ukiipitisha int(), sifuri ya mwanzo inapotea, na hela yake utaituma wapi?