Kambare Aliyerudishwa Mtoni

Mto Red huanzia Marekani, huelekea kaskazini hadi Kanada, na kumwaga maji yake katika Ziwa Winnipeg. Humo huishi kambare wakubwa, ambao wavuvi huwafuata kutoka mbali. Kwa kuwa maji ni baridi muda mrefu wa mwaka, samaki hao hukua polepole. Aliye mkubwa ni mzee wa miaka mingi. Dume ndiye alindaye mayai, akiyapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe.

Hayo tuliyajua kwa rafiki yetu wa ujanani, aliyehamia huko, alipotuchukua kuvua karibu na Lockport. Magharibi ilipokaribia, mshipi wake ulivutwa kwa nguvu, akashindana na samaki hata mikono ikamtetemeka. Alipopimwa, alizidi sentimita 90. Sheria ya jimbo la Manitoba hairuhusu kuchukua kambare aliyepita sentimita 60. Ufuoni hapakuwa na askari wala mvuvi mwingine, na nyumbani watoto walikuwa wakingoja kitoweo. Tulimtazama rafiki yetu, naye hakutuuliza rai. Alilowesha mikono, akamtoa samaki ndoana, akamshika majini mpaka alipopata nguvu, akazama zake.

Usiku ule watoto walikula wali na kunde, wakasimuliwa sababu.

Enyi wazazi wenzetu, amana haifundishwi kwa maneno matupu. Mtoto huijua pale anapoona kitoweo kimekosekana, na baba yake hajuti.