Churchill Ana Muvi Kibao. Mwariama Wetu Je?

Kama ushawahi kuona Darkest Hour ya 2017, story unaijua: ni Mei 1940, Hitler anakaribia, London inangoja mabomu, na mzee mmoja wa sigara anakataa kusalimu amri. Gary Oldman alibeba Oscar kwa kumwigiza Churchill. Muvi ni moto, sikatai.

Shida ni penye inaishia. Oktoba 1951 huyo huyo Churchill alirudi kuwa waziri mkuu, akakaa hadi Aprili 1955. Safari hii waliozingirwa hawakuwa watu wa London. Walikuwa watu wa Meru na Embu.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Vijana wakaingia msitu wa Mlima Kenya. Mkoloni akaona risasi pekee hazitoshi, akaamua kukata msosi. Kando ya msitu kukachimbwa handaki la karibu maili 50. Nani alichimba? Wanavijiji wenyewe, kina mathe wakiwemo, kwa lazima. Hebu waza: unashika jembe kuchimba shimo la kukutenganisha na mtoto wako, mwenye ako njaa huko ndani. Na anayekusimamia na bunduki ni homgadi, jirani yako. Juu ya hiyo, zaidi ya watu milioni 1 wa Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwao wakafungiwa kwa vijiji zaidi ya 800.

Sasa hapo ndio kuna muvi. Field Marshal Musa Mwariama wa Meru alivumilia msituni hadi uhuru, akatoka Desemba 1963 kuonana na Kenyatta. Picha yao bado iko. Mwenzake Baimungi Marete aliendelea kudai mashamba, akauawa na vikosi vya serikali 1965, Kenya ikiwa huru. General Kubukubu wa Embu hakuuona huo uhuru.

Waingereza walituwahi kitambo. 1955, vita bado vinaendelea, walitoa Simba, staa akiwa Dirk Bogarde. Ukingoja mwenye alikuzingira akusimulie, utakuwa tu kivuli kwa story yako mwenyewe.

Na saa zinaenda. Msichana aliyechimba handaki akiwa na miaka 15 sasa amepita 80. Kama cucu wako ni wa Nkubu ama Runyenjes, wikendi hii weka simu irekodi, umuulize handaki lilipita wapi, na nani alikuwa upande ule mwingine.