Kadi Zilizokatwa kwa Mkasi



Baba mmoja wa upande wa Fizi ametuandikia juu ya jambo ambalo, nadhani, limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za kwetu. Mwana wake alitoka katika kambi ya Nyarugusu, nchini Tanzania, akapokewa Marekani mwaka 2016 pamoja na mkewe na watoto. Katika mwaka huo wa hesabu za serikali ya Marekani, Wakongomani zaidi ya 16,000 walipokewa huko kama wakimbizi, wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote. Basi baba huyu hayuko peke yake. Mwana alikuwa akituma fedha vizuri: karo za wadogo zake, dawa za mama, na kitu cha Noeli. Sasa ameleta habari kwamba yeye na mkewe wamezikata kadi zao kwa mkasi, kwamba wataishi kwa fedha taslimu tu, na kwamba kwa muda wa miaka miwili hivi wasitazamiwe kutuma kama zamani. Baba anauliza kama hayo ni maneno ya kweli, au ni njia ya adabu ya kuwakana wazazi. Mtu hukataje, asema, kitu kinachompa fedha?

Baba yangu, tuanze na swali hilo la mwisho, maana ndilo lenye kuficha mengine. Kadi ile haimpi fedha.

Hapa kwetu mwenye kadi ya benki hutoa kwa kadi hiyo fedha zake mwenyewe: mshahara umeingia, yeye autoa. Kadi wanayoisema vijana hao ni ya namna nyingine. Ndani yake hamna kitu. Ukinunua viatu kwa kadi hiyo, benki ndiyo inayomlipa mwenye duka, nawe umekuwa mdeni wa benki. Mwisho wa mwezi benki hukuletea hesabu. Ukilipa yote kabla ya siku iliyowekwa, hudaiwi riba. Ukilipa kipande tu, kile kilichobaki huanza kuzaa.

Desturi hii si ya zamani sana. Kadi iitwayo Diners Club ilitoka New York mwaka 1950, watu wakaitumia kulipia chakula katika mahoteli. Lakini mwenye nayo alipaswa kulipa deni lote kila mwezi. Namna ya kuliacha deni liendelee kutembea ilienea baadaye. Mwezi wa Septemba 1958 Bank of America ilipeleka kadi kwa posta kwa watu 60,000 hivi wa mji wa Fresno, katika California, bila kuombwa na mtu. Fikirini: mtu afungua barua na kukuta ndani yake ruhusa ya kukopa! Kazi ile ilipoenea katika California yote, wengi hawakulipa, wezi nao wakapata shamba jipya, na benki ikapata hasara kubwa, lakini haikuiacha. Kadi ile ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Kupeleka kadi kwa asiyeiomba kulikatazwa na sheria mwaka 1970. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya nchi ile ikaamua kwamba benki yaweza kutoza riba ya jimbo lenye makao yake, hata kwa mdeni anayekaa jimbo lingine. Mara jimbo la South Dakota likaondoa mpaka wa riba, na Citibank ikahamishia huko kazi yake ya kadi. Mwaka 2023 deni la kadi la Wamarekani wote lilipita dola bilioni 1,000, na riba ya wastani ikawa juu ya 20 kwa mia kwa mwaka.

Tuache mabilioni, tuhesabu nyumba moja. Wanafunzi na wachukue kalamu.

Jamaa inadaiwa dola 3,000 kwa riba ya 24 kwa mia kwa mwaka, ndiyo kusema 2 kwa mia kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni dola 60. Benki haiwaambii walipe yote; inawaandikia kiasi kidogo cha chini kabisa, tuseme riba ile pamoja na sehemu moja katika mia ya deni, yaani dola 90. Wanalipa 90 na kulala kwa amani. Lakini 60 zimeliwa na riba. Deni limepungua dola 30 tu. Wakiendelea hivyo mwaka mzima, bila kununua hata sindano kwa kadi ile, watakuwa wametoa dola 1,022 hivi, na deni litakuwa bado dola 2,659. Dola zaidi ya 680 zimekwenda kwa riba. Sasa wafanye kinyume: wakate kadi, wasikope tena, walipe dola 150 kila mwezi bila kupunguza. Deni lote litakwisha katika mwezi wa 26. Tazama, Baba: miezi 26. Je, si ile “miaka miwili hivi” aliyoandika mwana wako? Sijui deni lake ni kiasi gani, lakini maneno yake yafanana sana na maneno ya mtu aliyekaa mezani na mkewe wakahesabu.

Sheria ya mwaka 2009 iliwalazimisha wenye kadi hizi kuandika katika hesabu ya kila mwezi muda ambao deni litachukua ikiwa mtu analipa kile kiasi cha chini tu, na fedha ambazo atakuwa ametoa mwishowe. Ni mistari michache. Wengi huipita. Mwenye kuisoma vizuri siku moja jioni, watoto wamelala, huweza kwenda kutafuta mkasi.

Sasa tufike kwenye fedha za Noeli, na hapa naomba Baba anivumilie. Mtu akitumia kadi ya mkopo kupeleka fedha kwa ndugu zake, mabenki mengi huhesabu kwamba amechukua fedha taslimu. Hutozwa ada papo hapo, na riba huanza siku ile ile, bila kungoja mwisho wa mwezi. Tena mara nyingi ni riba kubwa kuliko ile ya vitu vya dukani. Yawezekana, basi, kwamba zile fedha tulizozipokea kwa vigelegele hazikuwa jasho la mtoto bali mkopo. Sisi tulinunua mchele na nyama, tukasema huyu kijana amefika. Naye aliendelea kulipia mchele ule hata Pasaka na baada ya Pasaka.

Simlaumu, wala simsifu sana. Kama ndivyo ilivyokuwa, jambo linalonisikitisha si kupunguza kwake sasa, bali kuwaacha wazazi waamini miaka yote kwamba nafasi ilikuwapo. Lakini sisi nasi twajua namna tunavyoongea kwa simu. Salamu ni fupi. Orodha ya mahitaji ni ndefu. Ni mtoto gani wa kwetu atakayemjibu baba yake, “Sina”?

Wanaishije wakiacha kadi? Wengi hufuata njia ya bahasha. Mshahara ukiingia, wanatenga kwanza kodi ya nyumba na umeme, ambazo hulipwa kutoka benki kwa fedha zao wenyewe. Zilizobaki wanazitoa taslimu na kuzigawa katika bahasha: chakula, mafuta ya gari, mavazi, na moja ya wazazi. Bahasha ya chakula ikiwa tupu tarehe 24, basi ni maharagwe mpaka mwisho wa mwezi. Yuko huko Tennessee Bwana mmoja, Dave Ramsey, ambaye tangu miaka ya 1990 huwahimiza watu katika redio kukata kadi na kushika bahasha, na masomo yake hufundishwa katika makanisa mengi ya Marekani. Wako wanaomwona mkali kupita kiasi. Lakini juu ya nguvu ya noti mkononi hakukosea. Mwaka 2001 walimu wawili wa chuo cha MIT, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha jaribio lao: waliwataka wanafunzi waseme bei ambayo wangetoa kwa tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei iliyopita mara mbili ile ya wenzao walioambiwa watalipa taslimu. Tiketi zilikuwa zile zile! Noti ikitoka mfukoni mwauona mfuko umepungua; kadi hurudi mfukoni kama ilivyotoka.

Msidhani kwamba njia hii ni rahisi. Marekani kila mtu huandikiwa alama za uaminifu wake katika kulipa madeni, na zile zinazotumika sana ni kutoka 300 mpaka 850. Mwenye nyumba za kupanga huzitazama kabla ya kumpa mtu ufunguo. Tena asiyewahi kukopa hana alama kabisa, kwa hiyo anatiliwa shaka kuliko yule aliyekopa na kulipa. Kwa akili ya kwetu ni jambo la kuchekesha. Ndiyo sababu wageni huambiwa mapema wachukue kadi. Lakini wakimbizi wengi wana deni lingine, lile la tiketi ya ndege iliyowafikisha, lisilo na riba, linalolipwa kidogo kidogo kila mwezi. Mwenye kulilipa bila kukosa huandikiwa hilo pia. Na wajue kwamba kukata plastiki hakufuti deni; barua za benki zitaendelea kufika mpaka senti ya mwisho. Hatari kubwa ni siku gari litakapoharibika. Asiyekuwa na akiba ndogo kando siku hiyo ataomba kadi nyingine, na kazi ya mwaka itakuwa bure.

Hatari nyingine iko huku kwetu, nayo ndiyo iliyonifanya nijibu barua hii mbele ya barua zingine. Mnawajua wale wakopeshaji ambao watu huwaita Banki Lambert. Hamna benki pale wala Lambert. Ni jirani mwenye fedha na daftari. Mwalimu huchukua franka 100,000 katikati ya mwezi, na siku ya mshahara hurudisha 150,000. Benki ya Marekani inayomtesa mwana wako hutoza 2 kwa mia kwa mwezi. Huyu wa kwetu aweza kutoza 50. Ikiwa Baba, kwa kukosa fedha alizozoea, atakwenda kujaza pengo katika daftari hilo, mtajua ni nani atakayepigiwa simu siku ya kulipa. Na kijana atafanya nini? Mkasi umekwisha kukata; ataomba kadi mpya.

Afadhali Baba amwandikie na kumwuliza bahasha ya wazazi ina kiasi gani kila mwezi, hata ikiwa ni dola 20, na amwambie wazi kwamba atapanga mambo kwa kiasi hicho. Amwambie pia lililo la lazima na lisilo la lazima. Dawa za mama hazingoji. Wadogo walio katika shule za msingi za serikali hawapaswi kudaiwa karo tangu mwaka 2019, kwa hiyo watolewe katika orodha. Wabaki wale wa sekondari. Kwa hao Baba aende mwenyewe kwa mkuu wa shule, si mwezi wa Novemba watoto wakiwa wamekwisha kurudishwa nyumbani, bali kabla masomo hayajaanza, akaombe kulipa kwa vipande. Shule nyingi hukubali vipande vitatu au vinne, bila riba juu yake. Achukue daftari, aandike tarehe za vipande hivyo, na nakala moja aipeleke Marekani.