Maoni: Vumbi linaua kompyuta zetu, na kinga yake ni kipande cha soksi

Mvua ikikatika, vumbi huingia kila mahali. Butembo ni jekundu. Goma ni jeusi, la mawe ya volkeno yanayosagwa na magari na pikipiki kila siku. Mama wa sokoni hufunika mikate yake, na wakaaji hupanguza viti kabla ya kukaa. Lakini katika sekretaria za kando ya barabara, katika shule na vituo vya afya, kompyuta inaachwa ivute vumbi hilo tangu asubuhi mpaka jioni.

Tunasema "ivute" kwa sababu ndivyo ilivyo. Ndani ya sanduku la kompyuta ya mezani kuna feni, zile vantilateri ndogo. Moja huvuta hewa ya nje ili kupoza vifaa, nyingine hutoa hewa ya moto. Vumbi linaloingia hunasa kwenye vyuma vyembamba vinavyopoza prosesa, na baada ya miezi linakuwa kama blanketi. Joto linakosa njia ya kutoka. Kompyuta inapunguza mwendo ili isiungue, kisha inaanza kujizima yenyewe. Mwenye nayo anadhani ni virusi, analipa fundi amwekee programu upya, na muda si muda tatizo linarudi.

Kinga yake haihitaji pesa nyingi. Soksi za nailoni nyembamba wanazovaa wanawake, hata zikiwa zimechanika, zinatosha kutengeneza kichujio. Pima feni: nyingi zina milimita 80 au 120 kila upande. Kata fremu ya katoni inayozidi kipimo hicho kidogo, tandaza nailoni juu yake ikiwa imenyooka, ibane kwa skochi. Kisha bandika fremu kwa nje, juu ya matundu yanayoingiza hewa, bila kuacha mwanya pembeni. Mwanya mdogo ukibaki, vumbi litapita hapo hapo.

Kuna mambo ya kuangalia. Kwanza, safisha vumbi lililokwisha kuingia, kompyuta ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Pili, kichujio huwekwa panapoingia hewa tu. Ukitaka kujua ni wapi, washa kompyuta na usogeze kipande cha karatasi kwa nje, mbele ya matundu: kikivutwa, hapo ndipo hewa inaingia, kikisukumwa, paache wazi. Tatu, usitumie kitenge wala sifongo nene, maana feni itakosa hewa na joto litazidi kuliko mwanzo. Nne, wakati wa vumbi toa kichujio kila juma, kifue, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Kichujio kilichojaa vumbi ni kibaya kama kutokuwa nacho.

Na mtu asikate chandarua cha mtoto. Matundu yake ni makubwa mno kwa vumbi laini, na malaria inaua watu, si mashine.

Wako watakaosema kwamba dawa ya vumbi ni barabara nzuri, na hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, na hatutaacha kuidai. Lakini lami haitafika kesho, na kompyuta ya shule inaungua leo. Kudai haki yako hakukuzuii kulinda kidogo ulicho nacho.

Tatizo kubwa zaidi ni desturi. Msaada wa kompyuta unapofika shuleni kunakuwa na hotuba na picha. Hakuna anayeuliza ni nani atakayezisafisha. Mashine zikikufa, zinarundikwa kwenye depo, na wanafunzi wanarudi kujifunza kompyuta ubaoni, kwa chaki.

Inauma zaidi ukikumbuka tunapoishi. Kutoka vilima vya Rubaya, huko Masisi, inatoka koltani yenye tantali, madini yanayotumika katika vifaa vidogo ndani ya kompyuta na simu. Jiwe letu linatoka likiwa bei ya chini, linarudi likiwa mashine tunayoinunua kwa kujinyima. Kuiacha ife kwa vumbi ni kupata hasara mara mbili.

Kwa hiyo tunaomba jambo jepesi. Kila kiongozi wa shule, wa kituo cha afya na wa ofisi ataje mtu mmoja mwenye kazi ya kusafisha kompyuta na vichujio, na jina lake liandikwe ukutani. Kila shirika linalotoa kompyuta lilete pia brashi, na nusu siku ya kufundisha watu kuzitunza. Na walimu wa kompyuta waanze somo kwa mkasi, katoni na soksi kuukuu. Mwanafunzi aliyetengeneza kichujio kwa mikono yake hatasahau kukifua.