Elfu Moja ya Kitaliana

Iko senema moja ya Kisinhala iitwayo "Mille Soya", iliyotengenezwa na Bwana Boodee Keerthisena wa Sri Lanka na kutolewa mwaka 2004. Kwa maoni yangu inafaa kutazamwa katika kila nyumba yetu, ingawa lugha yake hatuijui. Ina nyimbo tele, maana wanaosimuliwa ni vijana wapiga muziki. Lakini wanachokitafuta ni njia ya kuingia Italia bila ya karatasi.

Jina lake peke yake ni somo. "Soya" kwa Kisinhala ni kutafuta, na "mille" kwa Kitaliana ni elfu, yaani lira elfu moja. Elfu ni neno kubwa masikioni mwa asiye na kitu. Lakini Wataliana walipoiacha lira mwaka 2002, yuro moja ilihesabiwa kwa lira 1,936 na kitu. Basi elfu ile haikufika hata yuro moja. Ilikuwa nusu yuro na senti chache.

Senema ni mchezo, bahari si mchezo. Usiku wa Krismasi mwaka 1996, baina ya Malta na Sisili, ilizama mashua iliyochukua watu kutoka Bara Hindi, Pakistani na Sri Lanka, wakafa wasiopungua 280. Maiti zilinasa katika nyavu za wavuvi wa Portopalo, na habari haikuaminiwa sawasawa mpaka mwaka 2001, yalipoonekana mabaki ya mashua, baada ya wavu kutoa kitambulisho cha kijana mmoja wa Sri Lanka. Miaka yote hiyo, ni mama wangapi waliokuwa wakingoja barua?

Sisi tulioko ng'ambo yanatuhusu haya. Wazee wetu wengine walitoka Unguja mwaka 1964 kwa kukimbia, wengine walirejea Oman baada ya 1970 kwa kukaribishwa. Vijana wa leo hawafukuzwi wala hawaitwi. Wanavutwa na picha tunazowapelekea.

Mwaka huu kijana wetu mmoja ameomba shamba la marehemu babu yake liuzwe, fedha apewe wakala wa kumpitisha Libya mpaka Ulaya. Wako jamaa waliosema asaidiwe, wako waliosema asijibiwe. Mimi nasema ajibiwe, tena kwa hesabu: mshahara ni kiasi gani, kodi ya nyumba kiasi gani, nauli kiasi gani, na mwisho wa mwezi kinabaki nini. Aelezwe zamu za usiku, na miaka mingapi asiye na karatasi hukaa bila ya kuweza kwenda kumzika mzazi wake.

Waliotangulia walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tunawaonesha chombo kikielea. Misumari na jasho tunavificha, kwa haya au kwa majivuno.

Sisemi wasije. Sisi tuliokuja hatuna uso wa kuwafungia wenzetu mlango, na mwenye njia ya halali tumsaidie kwa hali na mali. Lakini shamba likishauzwa halirudi. Kwa hiyo naomba kila nyumba, kabla ya mwaka kwisha, iwapelekee vijana wake waraka mmoja wa kweli, wenye tarakimu, bila ya picha ya gari.