Mstaafu mtarajiwa, umekwishaulizana na mkeo mtaishi wapi?

KUNA swali moja ambalo watumishi wengi waliofikisha miaka 50 hulijibu haraka mno. Waulize, ukistaafu utaishi wapi? Jibu ni moja tu: "Nitarudi nyumbani." Ukiwauliza tena nyumbani ni wapi, watakutajia kijiji walichozaliwa, ambacho tangu waondoke kwenda sekondari hawajapata kulala huko wiki mbili mfululizo, isipokuwa kwa Krismasi na misiba.

Mimi nami nililijibu hivyo hivyo. Nilistaafu mwaka 2014 baada ya kulitumikia taifa katika ugani wa kilimo, na wakati huo wengi wetu katika utumishi wa umma tulilipwa nusu ya mafao yetu kwa mkupuo. Mimi na mkupuo wangu tukapanda milima ya Upare, tukajenga nyumba ya vyumba sita yenye vigae na veranda ya kupokelea wageni. Leo vyumba viwili tunalala na kuweka vyombo, kimoja kina magunia, vitatu vimefungwa. Darini wamehamia popo.

Nasema haya kwa sababu mjadala wa kustaafu nchini mwetu umetawaliwa na neno moja, kikokotoo. Si vibaya, fedha ni fedha. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Mwaka huo huo ikaja kanuni ya kulipa asilimia 25 tu kwa mkupuo, wafanyakazi wakapiga kelele, na mwezi Desemba Rais Magufuli akaisimamisha. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuipandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Lakini katika kelele zote hizo sikumsikia mtu akiuliza fedha hizo, ziwe nyingi ama kidogo, zinakwenda kujenga wapi.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua mtumishi ambaye wastani wa mshahara wake wa miaka bora ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka, na amechangia miezi 400. Kwa kanuni ya 1/580, pensheni yake kamili ya mwaka ni kama shilingi 9,930,000. Asilimia 40 ya hiyo, ukizidisha kwa miaka 12.5, inampa mkupuo wa karibu milioni 49 na nusu. Kinachobaki kinamletea kila mwezi kiasi cha shilingi 496,000. Mtu aliyezoea milioni moja na laki mbili sasa ataishi kwa chini ya laki tano, na bei ya sukari haitamsubiri.

Sasa weka nyumba ya vyumba sita katika hesabu hiyo. Mabati, nondo, saruji inayopandishwa mlimani kwa gari la kukodi, fundi anayejua kwamba umetoka mjini. Mkupuo umekwisha kabla ya kupaka rangi. Na nyumba hiyo hailipi kodi, kwa sababu kijijini kwetu hakuna mpangaji, kila mtu ana kwao.

Wapo watakaosema, huyu mzee anadharau kijiji. Hata kidogo. Kijijini chakula ni rahisi, hewa ni safi, na ukifa utazikwa na watu wanaokufahamu. Jirani zangu wanalima tangawizi na wengine wanaishi vizuri kunishinda mimi niliyekuwa nikiwafundisha kilimo. Ninachokataa ni kijiji kuchaguliwa kwa mazoea. Mtu wa miaka 60 hachagui makazi kama kijana wa miaka 30, kwa sababu mwili wake unakwenda upande mwingine.

Kwangu mimi kipimo cha kwanza ni hospitali. Sisemi zahanati, nasema mahali penye daktari, maabara na dawa za presha na kisukari. Mke wangu ana kisukari. Kutoka kwetu hadi hospitali ni mwendo ambao wakati wa kiangazi unavumilika, lakini masika yakianza, kilomita 11 za juu hazipitiki kwa gari. Mwaka juzi sukari ilimshuka usiku, vijana wakamteremsha kwa machela hadi penye lami, wakipokezana mabega, nami nikifuata nyuma na tochi. Alipona, namshukuru Mungu. Asubuhi yake, akiwa bado kitandani wodini, aliniuliza kwa upole, "Mzee, ile nyumba ulimjengea nani?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba nilimjengea baba yangu aliyekwisha kufa, na wanakijiji wenzangu, ili waseme mtoto wa fulani amerudi na kitu. Yeye mwenyewe sikumwuliza. Alizaliwa wilaya nyingine, shamba ni la ukoo wangu, na mashemeji zake wanamsalimu kwa heshima lakini wanajua, na yeye anajua, kwamba nikitangulia mimi kikao cha ukoo kitakaa.

Jambo hili wanaume tunalikwepa. Mara nyingi mke ni mdogo kwa mumewe, hivyo uwezekano wa yeye kubaki peke yake katika nyumba ya kustaafia ni mkubwa. Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kijijini hati ya haki miliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke kwa pamoja. Kinachotakiwa ni mume kwenda ofisi ya kijiji akiwa hai na akili timamu. Kazi hiyo haigharimu hata robo ya veranda yangu.

Wanaochagua mjini nao wana mitego yao. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara na maeneo ya jirani jijini Dar es Salaam zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na kati ya waliolia walikuwamo wazee waliomaliza mafao yao pale. Kabla ya kununua kiwanja cha uzeeni, nenda ofisi ya ardhi, ona ramani ya mipango miji, uliza hifadhi ya barabara inaishia wapi. Neno la dalali na barua ya serikali ya mtaa havitoshi. Na tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wapo watumishi wenye nyumba Dar es Salaam iliyopangishwa, nyumba ya kupanga Dodoma na msingi usioisha kijijini. Huyo anapaswa kukaa chini na kuchagua moja angali na mshahara.

Tuje kwenye shamba, maana ukurasa huu ni wa wakulima. Karibu kila anayestaafu huniambia atafuga kuku wa mayai. Nauliza, wangapi? Mia tano. Kuku mmoja anayetaga anakula kama gramu 120 kwa siku. Hao 500 wanakula kilo 60, yaani zaidi ya mfuko mmoja wa kilo 50 kila siku ya Mungu, na kabla ya kuanza kutaga utawalisha miezi minne hadi mitano bila kuona yai. Mdondo au gumboro ikipita kabla hujachanja, mtaji umekwenda. Biashara hiyo inawezekana kabisa, lakini ni ya kuanza na kuku 50 ukiwa na miaka 50 na mshahara mkononi, ili makosa uyafanye mapema. Kuianza kwa mkupuo mzima wiki ya pili baada ya kustaafu ni kamari.

Ng'ombe wa maziwa ni mwema kuliko kuku, ila ng'ombe mmoja wa kisasa anataka majani mabichi kilo 40 au 50 kwa siku. Nani atayakata? Ukiwa na miaka 61 utayakata mwenyewe huku ukipiga mluzi. Ukifika 72 utamwajiri kijana, na kijana wa siku hizi anataka bodaboda. Kwa hiyo mshahara wa kijana uwe umo katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Miti ndiyo inayoniuma zaidi, kwani nilikuwa mtaalamu na bado nilikosea. Misindano, kama ile ya Mufindi, kwa mbao nzuri inataka miaka 18 na zaidi. Mitiki inataka 20 na kuendelea. Anayepanda akiwa na miaka 60 amewapandia wajukuu, jambo jema, lakini asiiite pensheni. Anayepanda akiwa na miaka 38 au 40 atavuna wakati mshahara unakatika. Mikaratusi ya nguzo hukomaa haraka kuliko hiyo. Parachichi la kupandikiza huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, nalo linamfaa mtu wa miaka 50 mwenye eneo lenye baridi na maji. Migomba haichagui umri: ndani ya mwaka mmoja na nusu unakula, na mkungu hauhitaji nguvu za ujana.

Mimi nilipanda misindano ekari mbili mwaka 2014. Fanya hesabu mwenyewe nitakuwa na miaka mingapi.

Kuhusu fedha zenyewe sitasema mengi, wapo wanaojua kuliko mimi. Ila tuliokuwapo mwaka 2009 tunakumbuka DECI, watu walivyopanga foleni "kupanda mbegu" na jinsi ilivyofungwa na mbegu zao zikiwa ndani. Matapeli wa sasa hawana foleni, wanatumia simu, na wana namna ya kujua nani amelipwa mafao. Mstaafu asiyetaka kukimbia huku na huko anaweza kuweka sehemu ya mkupuo katika hatifungani za Serikali, ambazo Benki Kuu huziuza kwa mnada, za miaka 2 hadi 25, na riba hulipwa kila miezi sita. Ipo pia mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT. Hainogi kusimulia kilabuni, lakini inalipa umeme. Na watoto wakija na wazo la kununua basi dogo la abiria, wasikilize, wape chai, waambie utafikiri.

Ombi langu kwa mwenye miaka 45 hadi 55 ni dogo. Likizo yako ijayo chukua siku zote 28, nendeni wawili mkakae mahali mnapopataka, tena wakati wa masika. Pandeni gari la kawaida. Nendeni zahanati kupima presha, mwone mnasubiri muda gani. Tekeni maji. Siku ya 20 mwulize mwenzako anaonaje, kisha unyamaze umsikilize.

Sisi kwa sasa tumepanga vyumba viwili mjini, hatua chache kutoka hospitali, tunalipa kodi huku vyumba sita vikiwa vitupu mlimani. Nimeuza mabati niliyokuwa nimeyahifadhi kwa ajili ya banda na tumenunua kiwanja kilichopimwa pembezoni mwa mji, mita 20 kwa 25. Hati imeandikwa majina mawili. Mwezi ujao tunaanza msingi wa nyumba ya vyumba viwili, jiko na choo cha ndani kisicho na ngazi. Mahali pa jiko amepachagua yeye, upande wa mashariki, ili apate jua la asubuhi anapochambua mchicha.

Popo wamebaki na dari lao.